Kutoka Kilindini hadi Gikomba



Ni nadra kumpata mwanamke wa Pwani ambaye nyumbani kwake hamna kitu kilichotoka Eastlands, ajue asijue. Jiko la makaa lenye kiuno chembamba na udongo uliochomwa ndani yake, sanduku la bati apewalo mtoto aendaye shule ya bweni, karai la kukaangia mahamri: huenda vyote viligongwa nyundo upande wa mashariki wa Nairobi kabla ya kuteremka kwetu. Na wao wa huko pia wana chetu. Marobota ya mitumba yafunguliwayo katika soko la Gikomba huteremshwa kwanza katika bandari yetu ya Kilindini. Tumefungamana nao kwa muda mrefu, ila wengi wetu hatujapata kwenda kuona ncha ya pili ya kamba inafungwa wapi.

Sisi tulikwenda mwishoni mwa Mfungo Mosi, tulipokwisha kufunga sita zetu. Haikuwa safari ya matembezi. Binti wa marehemu shangazi yetu, aliyeolewa Pumwani miaka kumi na minane iliyopita na sasa ni mjane mwenye watoto watatu, alikuwa amepoteza kibanda chake cha Gikomba kwa moto. Alituma salamu kuomba shilingi 90,000 za kuanzia upya. Fedha zilikuwepo, za mchezo wetu wa wanawake wa ukoo, ambazo tumezikusanya kidogo kidogo kwa zaidi ya mwaka mmoja. Lakini nyumbani kulikuwa na rai mbili. Wengine walisema apewe, kwani yeye ni damu yetu. Wengine, Mama Mkubwa akiwa mbele yao, walisema kwamba biashara isiyo na hati wala ukuta si biashara. Mtoto arudi Mombasa, akae na nduguze, na fedha zisiende kuungua mara ya pili. Kusikia si kuona. Tukachaguliwa watatu, Mama Mkubwa akiwamo, twende tukaone.

Mtaa wa hati ya muda

Madaraka Express ilituchukua asubuhi kutoka Miritini, na Adhuhuri ilikuwa imepita tulipoteremka Syokimau. Kutoka hapo garimoshi dogo huingia mjini kupitia Makadara, na dirishani mtu huanza kuiona Eastlands yenyewe: nyumba zilizosongamana, nguo zilizoanikwa kila roshani, na kila palipo na nafasi ya kuweka meza, pana meza na mtu nyuma yake.

Eastlands si mtaa mmoja. Ni mkusanyiko wa mitaa iliyozaliwa nyakati mbalimbali, na majina yake ni historia tosha. Kariokor ni ulimi wetu ulivyolitamka jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi wa Vita Vikuu vya Kwanza. Burma inawakumbusha askari waliokwenda kupigana Asia katika vita vya pili. Shauri Moyo ilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1930, mji wa Pangani ulipobomolewa na watu wake kuhamishwa. Kisha ikaja Kaloleni, Makongeni, Bahati, Jericho, na baada ya uhuru Buruburu, Umoja, Dandora na Kayole.

Pumwani, ambako ndiko tulikofikia, imewatangulia wengi wa hawa. Serikali ya kikoloni iliianzisha mwanzoni mwa miaka ya 1920 ili kuwakusanya pamoja Waafrika waliokuwa wakiishi katika vijiji vya mwanzo vya mji. Watu walipewa viwanja, lakini ardhi ikabaki ya baraza la mji. Kila mmoja alijijengea nyumba kwa miti na udongo, naye akakaa kwa idhini ya muda tu. Nyumba zenyewe zilifuata ramani tunayoijua sisi: ukumbi katikati, vyumba huku na huku, na ua nyuma. Mtaa ukaitwa Majengo, adhana ikaadhiniwa, na Kiswahili kikawa ndiyo lugha ya mlangoni. Hadi leo uko hapo msikiti wa Riyadha, na Mama Mkubwa alipolisikia jina hilo alikumbuka Riyadha ya Lamu, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu tuondoke Mombasa.

Jambo moja la historia ya Pumwani linawahusu wasomaji wetu wanawake. Watafiti walioichunguza, miongoni mwao Janet Bujra aliyeandika katika miaka ya 1970, wameonyesha kwamba miongoni mwa wenye nyumba wa kwanza wanawake walikuwa wengi. Walikuja mjini peke yao, wakauza vyakula na wakapangisha vyumba. Wengine walichuma kwa pombe na kwa njia ambazo dini yetu haiziridhii, na si haki kuificha sehemu hiyo ya habari. Wengi wao waliingia katika Uislamu, wakajenga, wakalea na wakarithisha. Kabla neno lolote la kitaalamu halijabuniwa kuieleza biashara ya namna hii, wanawake wa Pumwani walikwisha kuitumia kujenga mtaa mzima, nao wakiwa na karatasi ya muda tu mkononi.

Mwenyeji wetu alitupokea katika nyumba moja ya zamani hizo, ambamo anaishi na mama mkwe wake. Alimbusu Mama Mkubwa mkono.

"Shikamoo, mama. Karibuni. Mmechoka na safari."

"Marahaba, mwanangu. Pole na msiba wa mali."

"Tumeshapoa, mama. Mali huja na kwenda. Watoto wazima, alhamdulillah."

Usiku ule hatukuzungumza fedha. Tulikula, tukaswali Isha, tukalala.

Robota likifunguliwa

Gikomba huamka kabla ya jua. Tulitoka baada ya Alfajiri, tukiteremka kwa miguu kutoka Majengo, na kabla hatujafika tulishasikia sauti: vyuma vya mikokoteni, mahamali wakiomba njia, wauzaji wakiita bei kama wanaoimba. Hili ndilo soko kubwa kuliko yote ya mitumba nchini. Lina nguo, viatu, mashuka na mapazia, na pembeni yake lina samaki, mbao na nafaka.

Binamu yetu huuza nguo za watoto. Siku ile alikuwa amesimama mahali pa kuazima, kwenye meza ya jirani, na jirani huyo ndiye aliyemkopesha nusu ya robota. Tuliona likikatwa kamba. Robota la kilo 45 hununuliwa likiwa limefungwa. Mnunuzi hujua aina na daraja iliyoandikwa nje, lakini kilichomo ndani hukiona pale tu linapofumuka. Nguo safi za kuchaguliwa mwanzo huitwa kamera. Hufuata za daraja la pili, kisha la tatu, na mwisho kabisa ni fagia, zile zinazouzwa kwa bei ya kufagia meza. Robota zuri hurudisha gharama yake kwa kamera peke yake. Robota baya halirudishi hata kwa wiki mbili.

Mama Mkubwa alisimama pembeni, mikono ameikunja ndani ya buibui. "Na huku kununua usichokiona," aliuliza, "si kama kamari?"

"Mama, muuzaji namjua miaka tisa," alijibu binamu yetu. "Likitoka bovu kupita kiasi, linalofuata hunipunguzia. Nisingemwamini, nisingenunua."

Suala hilo tumeliacha kwa masheikh wetu, nalo linastahili kuulizwa na kila anayefanya biashara hii. Lakini jibu lile lilituonyesha jinsi soko hili linavyokwenda. Mahali pasipo na mkataba, mtu hujulikana kwa sifa yake, na sifa hiyo ndiyo inayomfanya akopeshwe au anyimwe.

Tulikaa hadi saa tano, na tukafanya kazi moja: tulihesabu watu walioshika shilingi kwa sababu ya robota lile moja. Alikuwapo hamali aliyelibeba, na kijana wa mkokoteni aliyelitoa bohari. Mama mmoja mwenye pasi ya makaa alinyoosha magauni kumi na mawili. Fundi wa cherehani alibadilisha zipu na kupunguza marinda. Muuza chai alipita mara mbili. Palikuwa na wakala wa M-Pesa, na mwenye choo cha kulipia, na mlinzi wa usiku ambaye vibanda vyote humchangia. Kisha walikuja wanawake wanne, mmoja kutoka Dandora na wengine Kayole na Umoja, wakachagua nguo kumi kumi kwenda kuzitembeza milangoni mwa watu. Tulifika watu kumi na wawili, na bado hatujamtaja mtoto aliyevishwa.

Jioni, njiani kurudi, tuliona mahali fedha hizo zinapokwenda. Katika mitaa mingi ya Eastlands chumba cha mbele kimegeuka kuwa duka, kinyozi, au chuo cha watoto. Anayeuza Gikomba hununua mboga kwa mama mboga wa mlangoni kwake. Naye mama mboga humlipa fundi wa viatu. Fundi humlipa mwalimu wa madrasa. Shilingi moja huzunguka mtaani mara nyingi kabla haijatoka. Wataalamu huyaita haya maendeleo ya uchumi wa mahali. Wenye mtaa wanaona tu kwamba jirani akiuza, na wao wameuza.

Kwa nini Gikomba huungua

Yote hayo ni upande mmoja wa sarafu. Upande wa pili ni moto. Gikomba imeungua mara nyingi mno. Moto wa mwishoni mwa Juni 2018 uliwaka usiku na kuua watu 15, wakiwamo waliokuwa wamelala majumbani kando ya soko. Mioto mingine, kabla na baada ya huo, imekula mali tu, ikiwa yafaa kusema "tu" kwa mjane aliyepoteza kila kitu.

Tulimuuliza binamu yetu kwa nini hawajengi kwa mawe. Alitutazama kana kwamba tumeuliza kwa nini hawajengi kwa dhahabu. Anayekaa mahali bila hati, kila siku akihofia kuambiwa aondoke, hawezi kuweka matofali. Huweka mbao, na mbao huungua. Kwa kuwa ni mbao na hakuna hati, hakuna mwenye kumpa bima. Kwa kuwa hakuna bima, moto mmoja humrudisha mtu sifuri. Na aliyerudishwa sifuri hujenga tena kwa kitu rahisi zaidi, nacho ni mbao zile zile. Tuliposikia hivyo, wazo letu la kwamba watu hawa hawajali lilitutoka, kwani kila hatua waliyoichukua ilikuwa na sababu yake. Ubaya ni kwamba sababu hizo huzunguka na kurudi pale pale.

Moto si adui peke yake. Mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipoingia, serikali ilipiga marufuku uagizaji wa mitumba kuanzia majira ya Machi hadi Agosti. Mwaka 2024, baada ya mafuriko makubwa, iliamrisha watu waondoke kando ya mito ya Nairobi, na mto hupita kando ya soko hili. Kila amri ilikuwa na hoja yake, nasi hatupingi afya wala usalama. Lakini mwenye leseni na ukuta huandikiwa barua na kupewa muda, na asiye na karatasi mara nyingi huyajua mambo buldoza likiwa limekwisha kufika.

Nyundo za Kamukunji

Siku ya pili tulikwenda Kamukunji, si mbali na hapo. Msomaji, ukifika huko zibe masikio kwanza, kisha uyafungue taratibu. Mamia ya mafundi hukaa bega kwa bega wakigonga bati na mapipa ya zamani, na katika mikono yao pipa la mafuta hugeuka jiko, toroli, karai au sanduku. Hakuna kinachotupwa. Kipande kilichobaki kwenye sanduku huwa bawaba ya sanduku jingine.

Kazi hizi ndizo zilizoitwa jua kali, kwa kuwa zilifanywa pasipo paa. Neno hilo la Kiswahili limekwenda mbali. Mwaka 1972 ujumbe wa Shirika la Kazi la Kimataifa uliizuru Kenya na kuandika ripoti iliyokuja kusomwa dunia nzima. Kabla yake, wakubwa wengi waliwaona watu wa vibanda kuwa ni wavivu au wakosaji waliokuwa wakisubiri kazi za kweli. Ripoti ile ilisema kinyume: hizi ni kazi za kweli, zina tija na zina faida, na mara nyingi kinachozidumaza ni bughudha za wenye mamlaka. Katikati ya miaka ya 1980 Rais Moi alifika hapa Kamukunji na kuwaahidi mafundi mabanda ya kuwakinga na jua. Mabanda yalijengwa. Tangu hapo zimekuja sera na sheria, ikiwamo sheria ya biashara ndogo ya 2012 iliyounda mamlaka ya kuzisimamia. Leo, ripoti za takwimu za taifa huonyesha mwaka baada ya mwaka kwamba, ukiacha kilimo kidogo cha nyumbani, zaidi ya wafanyakazi wanane katika kila kumi nchini wako katika shughuli zisizo rasmi. Kundi tulilozoea kuliita la pembeni ndilo lililo kubwa.

Na lile jiko letu? Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wataalamu wa nishati walichukua wazo la jiko la Thailand, lenye udongo ndani, wakaliunganisha na jiko la bati la hapa kwetu. Waliolifanya lifae na kulieneza ni mafundi wa karakana ndogo, na Shauri Moyo ikawa moja ya vituo vyake vikubwa. Kiuno kile chembamba kinaushikilia udongo usianguke, na udongo unaihifadhi hari, hivyo makaa hupungua. Mamilioni ya wanawake wameokoa fedha za makaa kwa kazi ya mafundi ambao wengi wao hawakuwa na kibali chochote ukutani. Mama Mkubwa alilichukua jiko moja, akaligeuza, akalichungulia ndani, akalirudisha. Hakusema neno, lakini tuliona amelitazama kwa muda.

Kwa ufupi tulipita pia Eastleigh, iliyo jirani na Pumwani. Baada ya dola ya Somalia kuanguka mwaka 1991, wafanyabiashara waliokimbilia huku waliuza bidhaa vyumbani mwa nyumba ya wageni iitwayo Garissa Lodge. Mchana duka, usiku kitanda. Nyumba hiyo ikageuka kuwa jengo la maduka, likafuatiwa na mengine mengi, na leo watu huja kununua huko kutoka nchi za jirani. Mtaji wao wa kwanza ulikuwa kuaminiana kwa ukoo, na mchezo wa fedha ambao wanawake wao huuita ayuuto. Mambo haya mawili na sisi tunayo.

Daftari lililoungua

Usiku wa pili ndipo tulipozungumza. Mama Mkubwa aliuliza swali alilokuja nalo kutoka Mombasa: "Mwanangu, kilichoungua kilikuwa cha shilingi ngapi?"

Binamu yetu alinyamaza. Kisha akasema hajui kwa yakini. Alikuwa na daftari, lakini lilikuwa ndani ya kibanda. Humo aliwaandika wateja kumi na mmoja waliochukua nguo kwa deni. Baada ya moto, tisa walikuja wenyewe, mmoja akilia, wakalipa walichokumbuka. Wawili hawakuonekana, na yeye hakumbuki wanadaiwa kiasi gani. Alikuwa pia na deni lake kwa mwenye bohari, shilingi 34,000, na huyo hakuhitaji daftari kukumbuka. Ili ampunguzie alichukua mkopo wa simu, na kufikia siku ya malipo riba ilikuwa imemla. Hilo alilisema akiwa ameinamisha kichwa.

Tulimuuliza mauzo ya siku. Akasema siku ya kawaida ni kama shilingi 3,000. Tukapiga hesabu pamoja: siku 26 kwa mwezi, miezi 12, ni shilingi 936,000 kwa mwaka. Sheria ya fedha ya 2023 inatoza asilimia 3 ya mauzo kwa biashara inayouza kati ya shilingi milioni 1 na milioni 25 kwa mwaka. Binamu yetu amesimama ukingoni kabisa mwa mstari huo, na hajui yuko upande gani. Watu husema wachuuzi hawalipi kitu. Yeye hulipa ushuru wa soko, hulipa kodi ya mahali, na robota lake lilitozwa ushuru bandarini kabla ya kupanda Nairobi. Tena wapo wanaopita kudai kisicho na risiti, na hao hutajirika kwa sababu yeye hana karatasi ya kuwaonyesha. Analipa, basi, ila malipo hayo hayamnunulii hati wala bima, wala hayampi ushahidi wa kuonyesha benki. Tangu 2008 nchi yetu ina benki zinazofuata sharia, ambazo zingeweza kumwondoa katika riba. Lakini benki yoyote, ya riba na isiyo ya riba, huuliza kwanza: hesabu zako ziko wapi?

Na zaka je? Mwenye bidhaa hutakiwa kuithamini mali yake mwaka unapotimia, na ikifikia kiwango atoe asilimia 2.5. Asiyejua alicho nacho atatoaje? Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi tulijifunza Pumwani kwamba hata yenye daftari hupotea, daftari likiwa moja na likilala pamoja na mali.

Mmoja wetu aliikumbusha aya ya 282 ya Suratul Baqara, aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, nayo yazungumzia deni. Inaamrisha deni la muda liandikwe, mwandishi awe mwadilifu, na mashahidi wawepo. Lakini aya hiyo hiyo inaruhusu biashara ya papo kwa papo, mkono kwa mkono, isiandikwe. Tuliizingatia sana usiku ule. Gikomba nzima ni biashara ya papo kwa papo, na hakuna lawama kwa anayeuza gauni bila karatasi. Ila palipoingia deni na ahadi ya kesho, kalamu huwa ni amana. Twaona hiyo ni njia ya kati ambayo hata watunga sheria wangefaidika nayo: mchuuzi asitakiwe kuwa kampuni siku ya kwanza, naye asiachwe milele bila maandishi. Apewe mahali pa kusimama kwa hati anayoweza kuimudu, na kwa hati hiyo ukuta utafuata mbao, na bima itafuata ukuta.

Tulichoamua

Mama Mkubwa hakubadilika kwa hotuba. Alipolala alikuwa bado anataka mtoto arudi. Asubuhi alimkuta mama mkwe, bibi wa miaka themanini na zaidi, akipewa chai na dawa na binamu yetu kabla ya kwenda sokoni, na watoto watatu wakivaa sare. Yule mama wa pasi ya makaa alikuja mlangoni kuuliza kama leo kuna kazi. Mama Mkubwa alikaa kimya kwa muda, kisha akasema, "Tukimchukua huyu, hawa tutawaacha na nani?"

Hivyo ndivyo tulivyoafikiana. Fedha zitakuwa qardhi hasana, mkopo mwema usio na nyongeza. Shilingi 60,000 zitatangulia, na deni la mwenye bohari likatwe humo kwanza, kwani haki ya mtu haisubiri. Shilingi 30,000 zitafuata baada ya miezi mitatu, tukishaliona daftari. Marejesho yatakuwa shilingi 5,000 kwa mwezi, miezi 18. Akipatwa na dhiki atapewa muhula, kama tulivyofundishwa. Kila Ijumaa usiku binti yake mkubwa, aliye kidato cha tatu, atazipiga picha kurasa za wiki na kututumia kwa simu, ili moto wa Gikomba usiweze tena kuichoma hesabu. Na mkopo wa simu hatauchukua tena. Hilo alilitamka mwenyewe.

Je, kibanda hakitaungua tena? Hatuwezi kuliahidi hilo. Amejenga kwa mbao, kama wenziwe, kwa sababu zile zile tulizozieleza. Wapo nyumbani wanaoona tumefanya pupa, na huenda wakawa na haki. Tumewaambia kwamba fedha za mchezo zilikusanywa kwa kuaminiana, na hii ni aina moja ya kuaminiana, safari hii ikiwa na sahihi.

Maandishi yalifanywa nakala mbili, mbele ya jirani mwanamume mmoja na wanawake wawili. Nakala moja ilibaki Pumwani. Ya pili ilisafiri nasi kurudi Miritini ndani ya sanduku jipya la bati, lililonunuliwa Kamukunji kwa ajili ya mjukuu wa Mama Mkubwa anayekwenda shule ya bweni. Yeye mwenyewe ndiye aliyelichagua, akaligonga kwa kidole kusikiliza bati lake, akapatana bei na fundi kwa nusu saa nzima. Alipomaliza kulipa alimwomba fundi risiti. Fundi alicheka, akararua kipande cha karatasi ya saruji, akamwandikia.